Kujiandikisha shule mjini Stockholm: haki ipo, lakini haikufuati nyumbani

Sheria ya Uswidi inampa kijana mgeni nafasi ya kusoma bila ya malipo, hata akiwa hana kibali cha kuishi nchini humo. Lakini haki hiyo imefungwa kwa umri na kwa tarehe, na asiyezijua tarehe hizo huenda akaukuta mlango umekwisha kufungwa.

Mpenzi msikilizaji, kwa mzazi aliyetoka Afrika Mashariki, kumwandikisha mtoto shule ni jambo linaloanza na hesabu ya fedha. Uganda ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1997, Tanzania ikafuata mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, lakini hadi leo mzazi hulazimika kufikiria sare, madaftari, uji wa shule na michango ya kila namna. Ndiyo maana afikapo Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, swali lake la kwanza huwa ni la bei.

Jibu la swali hilo ni fupi. Sheria ya Elimu ya Uswidi, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika kikamilifu mwezi Julai mwaka 2011, inasema kuwa masomo ni bure katika shule za manispaa na vilevile katika shule zinazoendeshwa na kampuni, jumuiya au taasisi binafsi. Vitabu havinunuliwi na mzazi. Chakula cha mchana katika shule ya lazima hutolewa bila malipo, na sheria inataka kiwe chenye lishe bora. Hata shule binafsi haziruhusiwi kutoza ada ya kuomba nafasi.

Swali lililo gumu zaidi ni jingine: ni nani hasa mwenye haki hiyo, anayo hadi lini, na ni nani anayepaswa kuidai? Hapo ndipo vijana wengi wageni, na jamaa zao, hupotea njia.

Makundi matatu mbele ya sheria

Kundi la kwanza ni la watoto na vijana walioandikwa katika daftari la wakaazi, ambalo nchini Uswidi hutunzwa na Idara ya Kodi. Humo wamo watoto wa wafanyakazi wenye vibali, wa raia, na wa wakimbizi waliokwisha kukubaliwa, wakiwemo Wakongomani waliochukuliwa kutoka nchi za Afrika Mashariki kwa mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwahamishia wakimbizi katika nchi ya tatu. Kwao elimu ni haki, na tena ni wajibu. Uswidi iliamuru kila parokia iwe na shule tangu mwaka 1842, na tangu mwaka 2018 wajibu wa kuhudhuria huanza mwaka ule mtoto anapotimiza miaka sita. Mtoto wa kundi hili asipoonekana darasani, manispaa humtafuta na kumwuliza mzazi sababu.

Kundi la pili ni la waomba hifadhi. Hawa wana haki ya kusoma wakati wakisubiri uamuzi wa Mamlaka ya Uhamiaji. Kanuni zinaitaka manispaa impokee mtoto shuleni mapema iwezekanavyo, na inafaa isipite zaidi ya mwezi mmoja tangu alipowasili. Lakini kwao kuhudhuria si wajibu wa kisheria.

Kundi la tatu ndilo lililosubiri muda mrefu kuliko yote. Hawa ni watoto na vijana wanaoishi nchini bila ya kibali: ama maombi yao yalikataliwa nao wakabaki, ama muda wa viza ulikwisha, ama hawakuwahi kuomba kabisa. Kwa miaka mingi kupokelewa kwao kulitegemea huruma ya mwalimu mkuu au utashi wa manispaa. Mwezi Machi mwaka 2011 serikali ya vyama vinne vya mrengo wa kulia wa kati ilifikia makubaliano na chama cha Kijani juu ya sera ya uhamiaji, na matunda ya makubaliano hayo yalionekana tarehe 1 Julai 2013. Tangu siku hiyo sheria inatamka kuwa mtoto asiye na kibali ana haki ya kusoma shule ya lazima na shule ya sekondari ya juu, kwa kiasi kikubwa sawa na mwenzake aliyezaliwa Stockholm.

Hata hivyo, kundi hili nalo halina wajibu wa kuhudhuria, na tofauti hiyo si ndogo. Penye wajibu, dola humwendea mtoto. Penye haki tupu, mtoto ndiye aiendee dola. Kijana asiye na kibali hayumo katika daftari lolote la wakaazi, kwa hiyo hakuna afisa atakayebisha hodi kuuliza kwa nini hasomi. Haki yake ni ya kweli, lakini imekaa ofisini ikimngoja, na asipokwenda yeye au mtu wa kumsemea, itabaki huko huko.

Siku ya kutimiza miaka 18

Msikilizaji, kuna tarehe moja ambayo kila kijana mwomba hifadhi na kila kijana asiye na kibali anapaswa kuikariri: siku atakayotimiza miaka 18. Kwa makundi hayo mawili, haki ya shule ya sekondari ya juu, ambayo Waswidi huiita gymnasieskola, ipo kwa sharti kuwa masomo yaanze kabla ya siku hiyo. Aliyeanza akiwa na miaka 17 anaruhusiwa kuendelea baada ya kutimiza 18. Aliyengoja hadi siku iliyofuata hana tena haki ya kudai nafasi.

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 17 na miezi tisa anaishi kwa shangazi yake katika mtaa wa kaskazini mwa Stockholm. Ombi lake la hifadhi limekataliwa. Jamaa wanamshauri atulie kwanza, mambo yapoe, shule ataiona mwakani. Ushauri huo unatolewa kwa mapenzi, na pengine nyumbani Kigoma au Bukavu ungekuwa na maana. Lakini kwa sheria ya Uswidi miezi mitatu hiyo ndiyo yote aliyobakiwa nayo. Ikipita, miaka mitatu ya sekondari inaondoka pamoja nayo, na hata elimu ya watu wazima inayotolewa na manispaa haitakuwa haki yake.

Kwa aliye na kibali na aliyeandikwa katika daftari la wakaazi, mlango hukaa wazi kwa muda mrefu zaidi. Huyu anaweza kuanza sekondari ya juu hadi kumalizika kwa nusu ya kwanza ya mwaka anaotimiza miaka 20. Baada ya hapo hupelekwa katika elimu ya watu wazima.

Kwa kuwa umri una uzito kiasi hicho, ushahidi wa umri nao una uzito. Vijana wengi kutoka mashariki mwa Kongo na kwingineko wamefika Ulaya bila ya cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2017 taasisi ya serikali ya tiba ya kisheria ilianza kutoa makadirio ya umri wa waomba hifadhi kwa kupiga picha za meno na za goti, utaratibu ambao baadhi ya wataalamu waliukosoa kuwa hauna uhakika wa kutosha. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo kilichobaki kwa bibi kijijini chaweza kuwa na thamani kubwa, na ni vyema kitafutwe mapema.

Hofu ya polisi

Kizuizi kikubwa kwa wasio na vibali hakimo katika sheria ya elimu. Ni hofu. Mzazi hujiuliza: nikimpeleka mtoto shule, je, jina lake halitafika polisi?

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kabla ya mwaka 2013 kanuni ziliwataka wasimamizi wa shule watoe taarifa walipompokea kwa mara ya kwanza mtoto asiye na kibali. Wajibu huo uliondolewa siku ile ile haki ilipotolewa, yaani tarehe 1 Julai 2013, kwa sababu bunge lilielewa kwamba haki yenye mtego mlangoni haimfai mtu.

Suala hilo lilirudi tena mezani mwezi Oktoba mwaka 2022, pale vyama vinne vilipotia saini makubaliano ya Tidö, yaliyouweka msingi wa serikali mpya. Makubaliano hayo yalitaka ichunguzwe namna ya kuzilazimisha idara za serikali na manispaa kutoa taarifa za watu wasio na vibali. Walimu, madaktari na wakutubi walipinga hadharani, wakisema kazi yao si kupeleleza. Ripoti ya uchunguzi ilipotolewa mwezi Novemba mwaka 2024, ilipendekeza wajibu huo ziwekewe idara sita za serikali, zikiwemo Idara ya Kodi na idara ya ajira, na ikaziacha nje shule, hospitali, huduma za jamii na maktaba.

Funzo kwa msikilizaji ni kwamba haki hii imetungwa na wanasiasa, na wanasiasa waweza kuigusa tena. Kwa hiyo mwenye wasiwasi aulize jinsi sheria ilivyo siku ile anapoihitaji, na amuulize mwanasheria au shirika la misaada. Uvumi wa barazani usimfungie mtoto ndani.

Shangazi si mlezi wa kisheria

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni la ulezi. Kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto wako, na hakuna anayeuliza karatasi. Uswidi huuliza. Kijana aliye chini ya miaka 18 aliyefika kuomba hifadhi bila ya wazazi wake huteuliwa mwakilishi, aitwaye god man, chini ya sheria ya mwaka 2005, hata kama anaishi kwa mjomba au shangazi. Mwakilishi huyo ndiye mwenye mamlaka ya kutia saini fomu za shule na kukata rufaa kwa niaba ya kijana. Jamaa anayemlea aombe mwakilishi ateuliwe haraka, asije mtoto akakwama kwa kukosa saini.

Na kijana mwenyewe ana sauti. Sheria ya Elimu inataka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na inaongeza kifungu ambacho wachache wanakifahamu: aliyetimiza miaka 16 ana haki ya kujisemea mwenyewe katika mashauri yote yaliyo chini ya sheria hiyo. Anaweza kutia saini rufaa yake bila kumngoja mzazi.

Anapokelewaje?

Kijana hahitaji kuwa na cheti cha darasa la saba ili akubaliwe. Tangu tarehe 1 Januari 2016 shule ya lazima inatakiwa kupima, katika muda wa miezi miwili, mambo ambayo mwanafunzi mgeni anayafahamu tayari: kusoma na kuandika, hisabati, na uzoefu wa masomo aliyoyapata kwao. Upimaji huo hufanywa kwa lugha aijuayo, akiwepo mkalimani ikibidi. Mwalimu mkuu huyatumia matokeo hayo, pamoja na umri wa mtoto, kuamua darasa lake. Mtoto anaweza kufundishwa kwa sehemu katika darasa la maandalizi, lakini si kwa zaidi ya miaka miwili.

Aliyefika akiwa na umri wa sekondari ya juu kwa kawaida huanzia katika programu ya lugha, kwa Kiswidi språkintroduktion. Ili aingie katika programu za kitaifa, ambazo ni 18, anahitaji alama za kufaulu katika Kiswidi au Kiswidi kama lugha ya pili, Kiingereza na hisabati, pamoja na masomo mengine matano kwa programu za ufundi, au tisa kwa zile zinazoelekea chuo kikuu. Hapo kijana aliyesoma Kenya, Uganda au Tanzania huwa ametangulia hatua moja, kwani Kiingereza amekuja nacho.

Kiswahili nacho kina nafasi yake. Mwanafunzi ambaye Kiswahili ndiyo lugha ya kila siku nyumbani kwao, na anayeifahamu kwa kiasi, anaweza kuomba kufundishwa lugha hiyo. Manispaa inawajibika kuitoa ikiwa wanafunzi wanaoitaka ni watano au zaidi na mwalimu anayefaa anapatikana. Vilevile mwanafunzi mgeni anaweza kusaidiwa masomo mengine kwa lugha yake, ili asibaki nyuma katika fizikia au historia wakati bado anajifunza Kiswidi. Mambo haya yatajwe siku ile ile ya kuandikishwa, kwa kuwa huombwa.

Ipo pia tofauti kati ya kupata shule na kupata shule uitakayo. Tangu mageuzi ya mwaka 1992 Uswidi inamruhusu mzazi kuchagua shule ya manispaa au ya binafsi, na fedha za serikali humfuata mwanafunzi. Shule binafsi yenye waombaji wengi kuliko nafasi imeruhusiwa kwa miaka mingi kufuata foleni ya tarehe ya maombi, na Waswidi wengine huwaandikisha watoto wangali wachanga. Mgeni aliyefika juzi hujikuta mwisho wa foleni hiyo. Lakini manispaa haiwezi kusema haina nafasi kabisa. Ina wajibu wa kumpatia mtoto shule, na katika shule ya lazima lazima iangalie pia umbali kutoka nyumbani kwake.

Anaponyimwa

Kijana akikataliwa, jambo la kwanza ni kudai uamuzi huo kwa maandishi. Neno la mdomo dirishani halikatiwi rufaa. Uamuzi wa kutompokea shuleni unaweza kupelekwa mbele ya Bodi ya Rufaa ya Elimu, iliyoko Stockholm, katika muda wa wiki tatu tangu siku mhusika alipoupata. Barua ya rufaa hupelekwa kwanza katika ofisi ile ile iliyotoa uamuzi, nayo huifikisha kwenye bodi. Hakuna malipo. Uamuzi wa bodi ni wa mwisho. Lakini ieleweke kuwa ikiwa kijana ana sifa zinazotakiwa na ameshindwa tu kwa alama na wenzake waliogombea nafasi hizo hizo, hilo halina rufaa.

Ikiwa sababu ya kukataliwa ni rangi, kabila, dini, ulemavu au jinsia yake, sheria nyingine inahusika: Sheria ya Ubaguzi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2009. Malalamiko hupelekwa kwa Ombudsmani wa Ubaguzi. Neno ombudsmani lenyewe ni zawadi ya Waswidi kwa dunia. Waliiweka ofisi ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1809, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kuifuata fikra hiyo, ilipounda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966.

Uswidi si peke yake

Fikra ya kuwa mtoto asiadhibiwe kwa karatasi za wazazi wake imekwisha kupita katika mahakama nyingi. Mwezi Juni mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kuwa jimbo la Texas halikuwa na haki ya kuwanyima shule watoto walioingia nchini bila ya kibali. Mwezi Juni mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikuta Bulgaria na hatia ya ubaguzi kwa kuwatoza ada ya sekondari ndugu wawili kwa kuwa hawakuwa na kibali cha ukaazi wa kudumu. Na Uganda, kwa Sheria yake ya Wakimbizi ya mwaka 2006, inamtendea mtoto mkimbizi sawa na raia katika elimu ya msingi. Uswidi nayo iliufanya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto kuwa sheria ya nchi tarehe 1 Januari 2020, karibu miaka 30 baada ya kuuridhia.

Msikilizaji, tukifupisha: mtoto apelekwe katika ofisi ya elimu ya manispaa mara tu afikapo, akiwa na cheti chochote alicho nacho, na asirudishwe nyumbani kwa kukosa cheti. Asiye na kibali aanze sekondari kabla ya kutimiza miaka 18. Aliyekataliwa adai maandishi, ahesabu wiki tatu, na akiwa na miaka 16 atie saini mwenyewe. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kwa kijana mgeni mjini Stockholm, kinachopotea kwa kuchelewa ni dawati ambalo sheria ilikuwa imekwisha kumtengea.